Dk. Livingstone: Mpima umbali aliyeponzwa na saa

KILA anayekata tiketi ya ndege siku hizi hukutana na tarakimu ambayo ni wachache huisumbukia, nayo ni umbali wa safari. Huandikwa kwa kilometa au kwa maili, msafiri huitupia jicho mara moja, kisha hugeukia nauli na muda wa kuondoka.

Kwa mkazi wa Busunzu, katika nyanda za juu za Kigoma baina ya Kibondo na Kasulu, safari ya ndege huanzia barabarani, kwa kuwa hana budi kuteremka kwanza hadi Uwanja wa Ndege wa Kigoma. Hata hivyo, umbali si jambo geni katika wilaya hizo. Zipo familia zenye jamaa waliokwenda nchi za mbali, na wapo waliopata kuishi jirani na wakimbizi ambao baadaye walihamishiwa Marekani kutoka makambi ya Kasulu na Kibondo. Aliyebaki huuliza, huko walikokwenda ni mbali kiasi gani?

Jibu halihitaji mtu kuifuata barabara na kuipima. Tuchukue mfano wa viwanja viwili vilivyo mbalimbali, Kigoma na Glasgow, Scotland. Kigoma iko karibu digrii 4 na dakika 53 kusini mwa Ikweta, na digrii 29 na dakika 40 mashariki mwa mstari wa Greenwich. Glasgow iko karibu digrii 55 na dakika 52 kaskazini, na digrii 4 na dakika 26 magharibi. Mtu akikaza uzi juu ya tufe la dunia kutoka nukta ya kwanza hadi ya pili, uzi huo utafuata njia fupi kuliko zote. Hesabu ya pembetatu za tufe inaonyesha kwamba njia hiyo inachukua pembe ya takriban digrii 67 katika kitovu cha dunia. Kila digrii ni sawa na kilometa 111 hivi. Zidisha, nawe utapata takriban kilometa 7,440.

Hesabu ni hiyo tu. Ugumu wake haumo katika kuzidisha, umo katika zile nukta mbili. Nukta moja ikikosewa, umbali wote ni wa uongo, hata kama aliyekokotoa ni bingwa wa hesabu. Leo satelaiti hutoa nukta hizo kwa kufumba na kufumbua. Miaka 150 iliyopita zilitafutwa usiku, kwa mwezi na nyota, na watu waliokuwa na homa.

Mmoja wa watu hao alizaliwa jirani na Glasgow na akaishi siku zake ngumu kuliko zote Ujiji, kilometa chache tu kutoka ulipo uwanja wa ndege wa Kigoma. Huyo ni Dk. David Livingstone. Wengi humfahamu kama mmisionari na mpinzani wa biashara ya utumwa. Si wengi wanaofahamu kuwa alikuwa pia mpimaji hodari, na kwamba kosa la kipimo lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyompeleka kaburini.

Mtoto wa kiwandani

Livingstone alizaliwa Machi 19, 1813, katika kijiji cha Blantyre, katika familia maskini iliyoishi chumba kimoja. Alipofikisha umri wa miaka 10 alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha nguo za pamba. Kazi yake ilikuwa kuunganisha nyuzi zilizokatika kwenye mashine, kuanzia alfajiri hadi usiku, ndipo aende darasani. Alizoea kusimamisha kitabu juu ya mtambo na kusoma sentensi moja moja kila alipopita.

Mwaka 1836 alianza masomo ya udaktari mjini Glasgow. Mwaka 1838 akapokewa na Chama cha Misioni cha London, na mwaka 1840 akapata cheti cha uganga na daraja la uchungaji. Desemba mwaka huo aliabiri meli kwenda Afrika Kusini.

Safari hiyo ya baharini ilimpa ujuzi ambao hakuupata chuoni. Nahodha wa meli alimfundisha namna ya kupima pembe ya jua na nyota kutoka upeo wa macho, na namna ya kugeuza pembe hiyo kuwa mahali kwenye ramani. Daktari kijana aliyekuwa akienda kuhubiri Injili alishuka melini mwaka 1841 akiwa na kiu ya pili, ya kujua kila alipo.

Katika miaka yake ya mwanzo kusini mwa Afrika alimwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari, Januari 1845. Kabla ya hapo, mwaka 1844, alishambuliwa na simba huko Mabotsa, akavunjwa mfupa wa juu wa mkono wa kushoto. Mfupa huo haukuunga vizuri. Msomaji auweke akilini, kwani utarudi mwishoni mwa habari hii.

Mwalimu wa nyota

Mwaka 1849 Livingstone na wenzake walilifikia Ziwa Ngami, katika nchi ambayo leo ni Botswana, na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia mjini London ikamtunuku. Mwaka 1852, baada ya kuisafirisha familia yake kwenda Uingereza, alibaki Cape Town kwa muda akanoa ujuzi wake kwa mwanaastronomia wa serikali, Thomas Maclear. Urafiki wao ulidumu. Kila alipopata nafasi, Livingstone alimpelekea Maclear vipimo alivyochukua porini ili vihakikiwe.

Inafaa kueleza hapa kazi hiyo ilikuwaje. Kupata latitudo, yaani umbali wa mahali kutoka Ikweta, hakukuwa na shida kubwa. Mpimaji alichukua sekstanti, chombo cha kupimia pembe, akapima jua lilipofika juu kabisa adhuhuri, au nyota inayojulikana usiku, kisha akasoma majedwali.

Shida ilikuwa longitudo, yaani umbali wa mashariki au magharibi. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, hivyo digrii moja ni sawa na dakika nne za saa. Ili kujua longitudo yako ni lazima ujue saa ya hapo ulipo na, wakati huohuo, saa ya Greenwich. Msafiri alibeba saa maalumu ziitwazo kronomita, zilizotengenezwa zisiyumbe. Zikipungua au kuzidi kwa dakika moja tu, mahali panahama kwa karibu kilometa 28 katika maeneo ya Ikweta.

Njia ya pili ilikuwa kuutumia mwezi kama akrabu ya saa kubwa ya mbinguni, kwa kupima pembe kati yake na nyota fulani, kisha kufanya hesabu ndefu ya kuchosha. Hesabu hiyo ilidai anga safi, mkono usiotetemeka na kichwa kilichotulia. Mtu mwenye malaria hana hata kimoja katika hivyo viwili vya mwisho.

Kwa vyombo hivyo Livingstone alivuka bara. Kutoka Linyanti alikwenda hadi Luanda, pwani ya Atlantiki, alikofika Mei 31, 1854 akiwa hoi. Mabaharia Waingereza walijitolea kumrudisha kwao. Alikataa, kwa kuwa alikuwa amewaahidi Wamakololo waliofuatana naye kwamba atawarudisha makwao. Barua na ramani zake zilitangulia katika meli iliyoitwa Forerunner, na meli hiyo ikazama. Habari ilimfikia akiwa bado Angola, ikambidi akae chini na kuandika upya kazi yote.

Novemba 1855 alifika kwenye maporomoko ambayo wenyeji waliyaita Mosi-oa-Tunya, naye akayapa jina la Malkia Victoria. Mei 20, 1856 alitokea Quelimane, pwani ya Bahari ya Hindi. Aliporudi Uingereza alipokewa kama shujaa, na kitabu chake cha mwaka 1857 kiliuzwa kwa maelfu.

Njia ya mkato

Hata hivyo, katika safari hiyo hiyo alipanda mbegu ya aibu. Alipoukaribia mji wa Tete mwaka 1856, aliuacha mto Zambezi kwa muda, akakata njia ya mkato nchi kavu. Kwa kufanya hivyo alipita kando ya maporomoko ya Kebrabasa, yanayojulikana leo kama Cahora Bassa, bila kuyaona kwa macho. Alidhani kuwa mto mzima unapitika kwa meli, na serikali ya Uingereza ikamwamini.

Mwaka 1858 alirudi na msafara mkubwa wa serikali na boti ya mvuke. Novemba mwaka huo ukweli ulijitokeza, kwamba maji yalishuka kwa kishindo kati ya kuta za mawe na hakuna boti ambayo ingepita. Vipande vya njia ambavyo mpimaji hakuvikanyaga vilikuwa vimemsaliti.

Msafara huo uliendelea hadi 1864 kwa matatizo mengi. Waliliona Ziwa Nyasa Septemba 1859, lakini homa iliwaua wengi. Mary, mkewe, alifariki Shupanga Aprili 27, 1862. Serikali ilichoka na gharama, ikawaita nyumbani.

Kilichofuata ni kisa kinachostahili kukumbukwa na kila rubani. Livingstone alikuwa amebaki na boti yake ndogo, Lady Nyassa, iliyojengwa kwa ajili ya ziwa. Hakutaka kuiuza kwa wale ambao wangeitumia kubebea watumwa. Aprili 30, 1864 aliondoka nayo Unguja kuelekea Bombay, India, akiwa mwenyewe ndiye nahodha. Makaa ya mawe yalikuwa haba, pepo za kusi zilikuwa njiani, na mabaharia wake walikuwa Wazungu wachache pamoja na Waafrika ambao wengi wao hawakupata kuiona bahari kuu. Miongoni mwao walikuwapo vijana wawili, Chuma na Wikatani.

Kwa njia fupi ya angani, kutoka uwanja wa ndege wa Unguja hadi ule wa Bombay, ambayo leo ni Mumbai, ni takriban kilometa 4,640. Ndege humaliza safari hiyo kwa saa chache. Livingstone aliimaliza kwa siku 45, akiitafuta nukta yake baharini kila siku kwa jua na nyota. Juni 13, 1864 boti iliingia bandarini, ndogo kiasi kwamba hakuna aliyeitilia maanani. Alikuwa ameipata Bombay kwa sekstanti yake.

Kuanguka kwa saa

Wakati huo Ulaya ilikuwa ikibishana juu ya chanzo cha mto Nile. Burton na Speke walikuwa wamefika Ujiji mwaka 1858, kisha wakahitilafiana vikali. Septemba 1864, katika mji wa Bath, wote wawili walitarajiwa kukutana ana kwa ana katika mdahalo, na Livingstone alikuwapo mjini humo. Siku moja kabla, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake akiwa mawindoni. Jumuiya ya Jiografia ikamgeukia Livingstone aende akaumalize ubishi huo.

Alifika Unguja Januari 1866, na Machi mwaka huo akatua Mikindani, kisha akaanza kupanda bara kwa kufuata mto Ruvuma. Wengi wa wasaidizi wake walimkimbia njiani. Baadhi yao walifika pwani na habari za uongo kwamba ameuawa.

Mwanzoni mwa mwaka 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mambo mawili yalitokea katika siku za jirani. La kwanza ni kwamba watoro waliondoka na sanduku la dawa, jambo ambalo yeye mwenyewe alilihesabu kama hukumu ya kifo. La pili lilionekana dogo. Mpagazi aliyebeba kronomita aliteleza njiani akaanguka, na saa zikapata mshituko.

Si haki kumlaumu mpagazi huyo. Ulikuwa msimu wa mvua, njia ilikuwa tope tupu, na msafara mzima ulikuwa na njaa. Lakini saa hazikuwa tena saa zilezile. Longitudo zote alizochukua Livingstone baada ya hapo zilihama kwa takriban maili 20, yaani kilometa 32. Kwa saa, kosa hilo ni la dakika moja na sekunde chache. Ardhini, ni mwendo wa siku mbili au zaidi kwa mtu mwenye afya.

Msomaji apime mwenyewe uzito wake. Nukta ya uwanja wa ndege wa Kigoma ikihamishwa kilometa 32 kwenda magharibi, inaangukia katikati ya maji ya Ziwa Tanganyika.

Livingstone aliendelea na safari. Alilifikia Ziwa Mweru Novemba 1867 na Ziwa Bangweulu Julai 1868. Vipimo alivyochukua Bangweulu vililifanya ziwa hilo lionekane kubwa kuliko lilivyo, na vilikaa katika madaftari yake vikimngojea arudi.

Ujiji na milima ya Buha

Machi 14, 1869 alifika Ujiji akiwa mgonjwa wa mapafu, akakuta sehemu kubwa ya mali aliyotumiwa imeibwa. Baadaye alivuka ziwa, akaenda Umanyema hadi Nyangwe, kwenye mto Lualaba, alikofika Machi 1871. Alitumaini kuwa mto huo ndio Nile.

Julai 15, 1871, siku ya gulio, watu wa wafanyabiashara wa utumwa waliwafyatulia risasi wanawake na wanaume sokoni Nyangwe, na mamia wakafa kwa risasi na kwa kuzama mtoni. Livingstone aliyaona hayo kwa macho yake. Alishindwa kuendelea kukaa na watu hao, akageuka na kutembea kurudi Ujiji, alikofika Oktoba 23, 1871. Huko aliarifiwa kuwa mtu aliyekabidhiwa mali yake alikuwa ameiuza yote.

Ndipo alipotokea mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyetumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta. Stanley alikuja kutoka Tabora, naye alipita ukingo wa kusini wa Buha, nchi ya Waha, ambayo nyanda zake hupanda kuelekea Kasulu, Busunzu na Kibondo. Humo alijifunza kwamba mstari ulionyooka kwenye ramani si njia. Watawala wa Waha walidai hongo kwa kila msafara uliopita, na kila baada ya mwendo mfupi alitokea mwingine mwenye haki ya kudai. Stanley alipoona vitambaa vyake vinakwisha, aliondoka na watu wake usiku kimyakimya, wakapita porini hadi wakaivuka nchi hiyo.

Hongo hiyo ilikuwa ushuru wa wenye nchi, na Waha walikuwa na uwezo wa kuudai. Msafiri aliyeilalamikia alisahau kuwa alikuwa akipita uani kwa watu.

Walipokutana, kumbukumbu zao za siku hazikulingana. Livingstone alikuwa amepoteza hesabu ya tarehe katika miezi ya ugonjwa. Kwa mtu anayetafuta longitudo kwa mwezi, kupoteza tarehe ni kupoteza ukurasa wa jedwali. Stanley alikuwa na kalenda ya kisasa ya nyota, na kwa msaada wake tarehe zilisahihishwa.

Wawili hao walipanda mtumbwi hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, wakaona kwamba mto Rusizi unaingia ziwani na wala hautoki. Hivyo Tanganyika haikuwa ikimwaga maji yake kwenye Nile kwa upande huo.

Desemba 27, 1871 waliondoka Ujiji kwenda Tabora. Kwa kuogopa hongo za Buha walizunguka kusini kwa mitumbwi, kisha wakashika njia ya nchi kavu. Kati ya viwanja vya ndege vya Kigoma na Tabora ni takriban kilometa 350 tu kwa njia ya anga. Wao walifika Februari 18, 1872, baada ya siku 53.

Mawingu ya Bangweulu

Stanley alimsihi Livingstone warudi pamoja Uingereza. Alikataa. Alitaka kuzunguka kusini mwa Bangweulu ahakikishe chanzo cha Lualaba. Agosti 25, 1872, baada ya kupata wapagazi waliotumwa na Stanley kutoka pwani, aliondoka kwa mara ya mwisho.

Januari 1873 alifika kwenye mabwawa ya Bangweulu katikati ya masika. Maji yalifunika njia, na nyasi zilikuwa ndefu kuliko mtu. Sasa zile nukta za mwaka 1868 zilidai malipo yake. Alijilinganisha na ziwa kama alivyolichora zamani, na ziwa alilolichora halikuwa lile lililokuwa mbele yake. Angeweza kusahihisha kosa kwa kupima upya, lakini mawingu yalifunika jua mchana na nyota usiku, siku baada ya siku. Mpimaji wa Zambezi na Bahari ya Hindi hakujua alipo.

Walitangatanga majini kwa majuma kadhaa. Kuhara damu kulimmaliza nguvu. Watu wake walimbeba mabegani, na mwishowe kwa machela, hadi kijiji cha Chifu Chitambo, katika Zambia ya leo. Alfajiri ya Mei 1, 1873 walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake, amekwisha kufa. Alikuwa na umri wa miaka 60.

Waliomaliza safari

Chuma, yule kijana wa boti ya Bombay, alikuwapo. Walikuwapo pia Susi, Jacob Wainwright na wenzao wengine, waume kwa wake. Waliuzika moyo wa Livingstone chini ya mti, wakaukausha mwili wake kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa magome na nguo. Wakaubeba pamoja na madaftari na vyombo vyake vya kupimia, wakaanza kutembea kuelekea pwani. Wengine miongoni mwao walikufa njiani.

Oktoba 1873, mjini Tabora, walikutana na Luteni Verney Lovett Cameron aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike hapo hapo. Walikataa, wakaendelea, na Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Kwa mwendo wa miguu walikuwa wamevuka zaidi ya kilometa 1,600.

Mwili ulipofikishwa London, ulitambuliwa kwa ule mfupa wa mkono wa kushoto uliovunjwa na simba miaka 30 kabla. Aprili 18, 1874 ulizikwa katika Kanisa la Westminster Abbey. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye mwaka huo, wakasaidia kufafanua madaftari hayo ili yachapishwe. Habari za mauaji ya Nyangwe zilikuwa zimekwisha kuitikisa Uingereza, zikachangia shinikizo lililomfanya Sultani Barghash afunge soko la watumwa la Unguja Juni 1873, mwezi mmoja baada ya Livingstone kufa bila kujua.

Vyombo vya kupimia navyo havikurudi vyote nyumbani. Cameron alichukua sehemu kubwa ya vyombo hivyo pale Tabora, akaenda navyo Ujiji, akapima sehemu ya kusini ya Ziwa Tanganyika na kuuona mto Lukuga, mlango wa ziwa hilo wa magharibi. Alipofika Nyangwe mwaka 1874, alipima mwinuko wa Lualaba akakuta mto huo uko chini kuliko Nile ilivyo Gondokoro. Maji hayapandi mlima. Lualaba haikuwa Nile. Stanley alithibitisha mwaka 1877, kwa kuufuata hadi Atlantiki, kwamba ni mto Kongo. Ndoto ya Livingstone iliangushwa, kwa sehemu, na vyombo vyake mwenyewe.

Leo abiria anayepaa kutoka Kigoma huiacha Ujiji nyuma yake kabla hajafungua mkanda wa kiti. Rubani hahitaji mwezi wala kronomita, na umbali wa kufika aendako unajulikana kabla injini haijawashwa. Kwa mkazi wa Busunzu anayeuliza ndugu yake yuko mbali kiasi gani, jibu linapatikana katika muda wa kunywa kikombe cha chai. Wakati wa Livingstone, dakika moja tu ya saa iliyokosea ilitosha kumfikisha mtu Chitambo badala ya nyumbani.